Mwanafalsafa Anapoomba Kazi

Kijana wa Kitanzania anaweza kumaliza kidato cha sita akiwa amefanya mitihani ya historia, uchumi, jiografia na lugha mbili, asiwe amewahi kufanya mtihani wa falsafa. Somo hilo halimo katika tahasusi. Aliyekulia Sepuka, katika Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, hulikuta ukubwani: ama seminari kuu, ambako mseminari husoma falsafa kabla ya teolojia, ama chuo kikuu. Akilipenda hadi akataka kulifundisha, anakuta nafasi ni chache, na kila mwajiri ana karatasi anazozitaka.

Waajiri wenyewe wanahesabika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Falsafa na Taaluma za Dini. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Jordan, Morogoro, hufundisha falsafa, na kuna seminari kama Ntungamo kule Bukoba na Kibosho kule Moshi. Nje ya mipaka kuna Makerere na Nairobi, kisha Ulaya na Marekani. Kosa linalowagharimu wengi ni kuandaa furushi moja la maombi na kulituma kote. Anayelipokea Dodoma na anayelipokea Chicago hawatafuti kitu kimoja.

Nafasi za vyuo vya umma nchini hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hutumwa kupitia mfumo wa Ajira Portal. Hatua ya kwanza huko ni mchujo wa nyaraka. Matangazo hutaka cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, vyeti vya shahada pamoja na orodha ya alama, vyote vikiwa vivuli vilivyothibitishwa na mwanasheria, pamoja na wasifu wenye majina ya wadhamini watatu. Hati ya matokeo haikubaliwi badala ya cheti. Umri kwa kawaida usizidi miaka 45, isipokuwa kwa aliye tayari katika utumishi wa umma. Shahada iliyotolewa na chuo cha nje lazima iwe imetambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na hilo linawagusa moja kwa moja waliosoma Roma au Nairobi. Utambuzi huo uombwe mapema, tangazo likiwa bado halijatoka.

Kuna pia suala la majina, nalo huwaangusha watu wenye akili nzuri kabisa. Mtoto aliandikishwa darasa la kwanza kwa jina la nyumbani, akabatizwa akapata jingine, kidato cha nne akatumia jina la babu, na kitambulisho cha taifa kikafuata mpangilio tofauti. Kwa majirani ni mtu yuleyule. Kwa mfumo ni watu watatu, mpaka awe na hati ya kiapo iliyosajiliwa inayoyaunganisha majina hayo. Kwa anayeishi Sepuka, kumtafuta wakili na kuskani vyeti ni safari ya mjini Singida, kwa barabara ileile inayoendelea hadi Ndago na Kizaga. Kazi hiyo ifanywe mara moja, kwa utulivu, na nakala zitunzwe kwenye barua pepe na kwenye simu ya mtu mwingine anayeaminika.

Kizingiti kingine hakirekebishiki kwa barua nzuri. Matangazo mengi ya nafasi za mkufunzi msaidizi yamekuwa yakidai wastani wa alama usiopungua 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza, na kwa mhadhiri msaidizi, 4.0 katika shahada ya umahiri juu ya huo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anastahili kuambiwa hivyo na walimu wake siku anapojiandikisha. Wengi huambiwa wakati wanaandaa maombi, na hapo hakuna tena la kufanya.

Furushi la nje, hasa la Marekani, lina sura nyingine. Matangazo mengi huko hutoka kati ya Agosti na Oktoba kwa kazi itakayoanza mwaka unaofuata. Mwombaji hutuma barua, wasifu, maelezo ya utafiti wake, maelezo ya ufundishaji wake, barua za siri za wadhamini, na andiko la mfano. Wasifu hutaja mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara: uwanja aliobobea, na nyanja nyingine anazoweza kufundisha bila kuzifanyia utafiti. Anayeandika kwamba amebobea katika mantiki, maadili, metafizikia, falsafa ya Kiafrika na falsafa ya dini kwa pamoja hasadikiki. Ubobezi uwe mmoja, ukizidi sana miwili.

Andiko la mfano ndilo linalostahili miezi. Kwa kawaida ni makala ya kurasa kati ya 15 na 25 inayosimama yenyewe. Sura ya tasnifu iliyokatwa tu haifai, kwa kuwa inaegemea sura ambazo msomaji hana. Kamati yenye mamia ya maombi husoma ukurasa wa kwanza, na ukurasa huo ukimaliza kueleza Plato alisema nini na Aristotle alimjibuje, msomaji hajaona bado mwombaji anasema nini. Swali lionekane katika aya ya kwanza, jibu la mwandishi katika ya pili, na pingamizi lenye nguvu kuliko yote lipewe nafasi yake kabla ya kujibiwa. Kulikwepa pingamizi hilo ni dalili ya woga, na wasomaji wa falsafa huigundua haraka.

Na hapa ndipo aliyetoka Singida ana mtaji ambao mara nyingi hufundishwa kuudharau: fikra na maisha ya watu wake mwenyewe. Mwanafalsafa Mkenya Henry Odera Oruka alikwenda Uppsala, Uswidi, kusoma sayansi, akahamia falsafa. Aliporudi Nairobi alianza, miaka ya 1970, mradi wa kuwahoji wazee wa Kenya wenye busara, na kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu falsafa ya wahenga hao kinajadiliwa hadi leo. Hakukusanya methali tu. Alimbana mzee kwa maswali hadi atoe sababu zake binafsi, kisha akatenganisha anayerudia mapokeo na anayeyahoji. Euphrase Kezilahabi, ambaye Watanzania humjua kwa riwaya, aliandika tasnifu yake ya uzamivu Wisconsin mwaka 1985 kuhusu falsafa ya Kiafrika na tafsiri ya fasihi. Mtafiti Kai Kresse naye alichapisha mwaka 2007 kitabu kizima juu ya wanafikra wa Mombasa.

Wanyaturu wa Singida nao wameandikwa. Mwanaanthropolojia Harold Schneider alichapisha mwaka 1970 kitabu kuhusu uchumi wao, akiitazama mifugo kama mtaji unaopimwa na kubadilishwa kwa mahesabu. Mwombaji aliyeona ng'ombe wakihama kutoka boma hadi boma anaweza kuuliza swali la kifalsafa kabisa: je, ng'ombe aliyewekwa kwa jamaa ni deni, ni dhamana, au ni uhusiano usiotafsirika kwa lugha ya faida? Hilo ni andiko la mfano ambalo hakuna mwombaji mwingine mwenye msingi wa kuliandika kama yeye. Sharti moja: hoja ijengwe na ipimwe. Kueleza mila pekee, hata kwa ufasaha, kutaipeleka makala idara ya anthropolojia.

Maelezo ya ufundishaji yaongee kuhusu darasa halisi. Katika vyuo vya Tanzania falsafa hufundishwa sana kwa wanafunzi ambao hawakuichagua: wa sheria, ualimu au biashara, wanaotakiwa kusoma kozi ya tafakuri tunduizi au ya maadili. Ukumbi hujaa. Mwombaji aeleze atawafundishaje mia kadhaa kutambua hoja mbovu, kwa mfano upi, na atasahihishaje kazi zao.

Wadhamini wanahitaji kusaidiwa. Katika maombi ya ndani hutajwa tu pamoja na anwani zao. Nje huandika barua wenyewe na kuzituma moja kwa moja. Mwalimu aliyefundisha mamia hawezi kukumbuka hoja ya kila mmoja. Apewe andiko, wasifu na tarehe ya mwisho walau mwezi mmoja kabla, na aulizwe waziwazi kama yuko tayari kuandika barua yenye nguvu. Akisita, atafutwe mwingine. Barua ya baridi huumiza kuliko kukosa jina kubwa.

Anayepita mchujo wa ndani huitwa kwenye usaili, kwa nauli, chakula na malazi yake mwenyewe, akiwa na vyeti halisi mkononi. Kwa kazi ya uhadhiri ajiandae pia kufundisha mbele ya jopo, na jopo hilo laweza kuwa na mtu ambaye hajasoma falsafa hata siku moja. Ampe huyo mfano wa ng'ombe.