Siku Mbili Katika Visiwa vya Krakatau

Mwaka 2015 nilipata nafasi ya kufanya kazi kwa miezi saba katika mji wa Bogor, kisiwani Java, nchini Indonesia. Mji huo una bustani mashuhuri ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1817. Humo ndimo ilimopandwa, mwaka 1848, miche minne ya michikichi iliyotoka Afrika, na uzao wa miche hiyo ukaja kuenea katika mashamba makubwa ya Asia ya Kusini-Mashariki. Wenyeji wangu walipenda kunitania kwamba mimi ndimi mchikichi wa tano.

Mwisho wa juma mmoja tuliafikiana kwenda kuvitazama visiwa vya Krakatau. Tulikuwa watu sita: Waindonesia watatu, Mjapani mmoja, Mholanzi mmoja aliyekuwa mtaalamu wa miamba, na mimi. Tuliondoka Ijumaa baada ya swala, tukalala Carita, pwani ya magharibi ya Java. Alfajiri ya Jumamosi tukapanda chombo cha mvuvi mmoja mzee. Wote walimwita “Pak”, kama sisi tusemavyo “Mzee”, naye aliponiuliza “kabar” yangu nilimjibu bila kungoja mkalimani. Maneno kama hayo, pamoja na “dunia” na “waktu”, tumeyapata sote kwa Waarabu.

Kabla ya kushuka pwani yalinipata ya kunipata. Nilikuwa nimekaa tezini nikila mapera. Kiongozi wetu, mama mmoja mtaalamu wa mimea tuliyemwita “Ibu”, alinitazama, akauliza kama nilikusudia kuharibu utafiti wa miaka mia moja na thelathini. Akaamuru mapera yabaki chomboni, kisha kila mtu akung’ute mifuko na kupiga viatu brashi mpaka isibaki hata chembe ya udongo. Niliona haya, lakini alikuwa na haki. Msomaji atauelewa ukali wake akijua yaliyotukia mahali hapo.

Tarehe 27 Agosti 1883, baada ya miezi mitatu ya kutoa moshi na majivu, volkeno ya Krakatau ilipasuka. Sehemu iliyo kubwa ya kisiwa ilididimia baharini, na mawimbi yaliyoinuka yakafagia pwani za Java na Sumatra. Watu zaidi ya 36,000 walikufa. Mshindo wake ulisikika hata katika kisiwa cha Rodrigues, karibu na Mauritius, umbali wa kilometa 4,800 hivi. Wanafunzi wa fizikia na wapige hesabu wenyewe: sauti hupita hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde, basi mshindo huo ulisafiri karibu saa nne nzima kabla ya kuyafikia masikio ya watu wa Rodrigues, nao wakadhani ni mizinga ya merikebu iliyo mbali. Mawe mepesi yenye vitundu, ambayo huelea majini, yalichukuliwa na mikondo ya bahari, na mwaka uliofuata mengine yakatupwa katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki.

Kipande kilichosalia cha kisiwa, kiitwacho Rakata, kilifunikwa kwa majivu ya moto yenye kina cha mita nyingi. Mwezi Mei 1884 wageni waliofika hapo walitafuta kila dalili ya uhai wasione ila buibui mmoja mdogo sana, naye alikuwa akitanda utando wake mahali pasipo na inzi wa kunasa. Mwaka 1886 Melchior Treub, mkuu wa bustani ya Bogor, alikuta utando wa mwani juu ya majivu, aina kumi na moja za kangaga, na mimea michache itoayo maua. Baada ya miaka hamsini msitu ulikuwa umefunga.

Je, mimea hiyo yote ilitoka ng’ambo, au baadhi yake ilinusurika chini ya majivu? Wengi walishika jibu la kwanza. Lakini mwaka 1929 mtaalamu mwingine wa mimea, C. A. Backer, aliandika kitabu kizima kupinga. Hoja yake ilikuwa nyepesi na chungu: hakuna mtu aliyekikagua kisiwa chote mara baada ya mlipuko, basi ni nani awezaye kuapa kwamba hakikubaki hata mzizi mmoja? Wengi hudhani Backer alishindwa. Mimi naona alipoteza kesi lakini alituachia swali ambalo kila mtafiti angepaswa kujiuliza kabla ya kuandika neno “hakuna”. Mbegu za mapera kutoka mfuko wa Mwafrika zingeongeza fujo juu ya fujo hiyo.

Tulipokanyaga mchanga mweusi wa Rakata nilistaajabu. Nilizaliwa pwani, nami nilitazamia miti migeni. Kumbe mbele yangu palikuwa na mvinje, mkungu na mtondoo, na chini yake mlakasa umetambaa hadi karibu na maji, kana kwamba niko Bagamoyo. Bahari ndiyo mpanzi wao. Matunda na mbegu zao huelea, na maji ya chumvi hayaziui upesi. Walimu walio karibu na pwani waweza kuzitia mbegu za mlakasa na za mahindi katika vyombo viwili vya maji ya bahari, wazipande baada ya majuma matatu, na kuona zipi zitaota. Ndani zaidi mambo hubadilika: huko ni mitini ya mwitu iliyoletwa na popo na ndege matumboni mwao, na kangaga ambazo chembe zake hupeperushwa na upepo.

Jioni tulifika kwenye kisiwa cha nne, Anak Krakatau, yaani Mtoto wa Krakatau. Huyu alianza kujitokeza kutoka baharini mwishoni mwa mwaka 1927, akatulia juu ya maji mwaka 1930. Kwake swali la Backer halina nafasi, maana alizaliwa mtupu. Hatukupanda kileleni. Tulikaa chini ya mivinje, na yule Mholanzi akatueleza kwamba mtoto huyu amejengeka ukingoni mwa shimo la mwaka 1883, ubavu wake wa kusini-magharibi ukining’inia juu ya kilindi. Mwaka 2012 wataalamu walikuwa wamechapisha hesabu: ubavu huo ukiporomoka, mawimbi yatafika pwani ya Java baada ya dakika 35 hadi 45. Sisi watu wa mimea tulimsikiliza kwa sikio moja. Nakumbuka niliuliza habari za mivinje.

Jumapili, tukirudi, injini ilizimika katikati ya mlangobahari, tukasukwasukwa kwa saa mbili. Mzee aliisafisha pampu kwa kanga ya mkewe, akavuta kamba, ikawaka. Katika saa hizo mbili hakuna hata mmoja wetu aliyemweleza habari ya ule ubavu, ingawa nyumba yake ilikuwa hatua hamsini kutoka majini.

Jumamosi tarehe 22 Desemba 2018, yapata saa tatu usiku, ubavu uliporomoka. Vyombo vya kuonya vilikuwa vimetegwa kungojea tetemeko la ardhi, na usiku huo halikuwapo tetemeko kubwa la kuviamsha. Watu zaidi ya 400 walikufa. Kilele cha mita 338 kilibaki kama mita 110, na mivinje tuliyokaa chini yake ikazikwa.

Miezi miwili baadaye Ibu aliniandikia. Mzee yule alikuwa bara usiku ule, kwa bintiye aliyejifungua. Chombo chake kilikutwa shambani kimekatika vipande viwili, na nyumba haikuwapo. Alikuwa amemwuliza Ibu kama wataalamu walijua.