Mwili unakula nguvu ngapi? Saa ya mkononi haioni mzigo

Hapa Bambu wengi wameshaona zile saa, hata simu, zenye kuhesabu hatua na kukuambia umechoma kalori ngapi. Sasa mvalishe mama anayepandisha mchanga kutoka machimboni. Saa itahesabu hatua zake, basi. Mfuko ulio mgongoni haiuoni. Kupima kwa mapigo ya moyo ni afadhali kidogo, lakini moyo unakimbia kwa mzigo, unakimbia kwa joto, unakimbia hata kwa woga wa risasi.

Njia inayoaminika zaidi nje ya maabara ni maji ya kunywa. Ilianza Marekani miaka ya 1950 na Nathan Lifson na wenzake, kwanza kwa panya. Ni maji kweli, ila sehemu ya hidrojeni na oksijeni yake ni nzito kuliko ya kawaida. Hayana sumu. Mtu anakunywa, anarudi kwa kazi yake, na kwa siku kama kumi anatoa mkojo mara chache upimwe. Ile hidrojeni inatoka kwa maji tu: mkojo, jasho, mvuke wa pumzi. Oksijeni inatoka kwa maji, na tena kwa hewa chafu tunayotoa puani. Tofauti kati ya hizo mbili inaonyesha hewa hiyo ni kiasi gani, nayo ndiyo moshi wa chakula kilichochomwa mwilini. Shida ni bei.

Herman Pontzer na wenzake waliyapeleka maji hayo kwa Wahadza, wawindaji wa karibu na ziwa Eyasi, Tanzania, wakatoa matokeo mwaka 2012. Wanaume walitembea kilometa 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6. Ungedhani wanatumia nguvu kupita watu wote. La! Wanaume kama kalori 2,600, wanawake kama 1,900: ukilinganisha watu wa uzito mmoja, karibu sawa na Wamarekani wanaoshinda kwenye viti. Pontzer anasema mwili unabana matumizi mahali pengine. Wenzake wengine wanabisha, na mimi naona kutembea porini si sawa na kupanda kilima na mchanga.

Hesabu hii si ya wataalamu peke yao. Katika kupanga chakula cha wakimbizi, mashirika huanzia kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Huo ni wastani, mtoto na mzee ndani, na unachukulia kwamba watu wanafanya kazi nyepesi. Mwongozo wenyewe unataka iongezwe pale kazi ni nzito. Kwa hiyo mwenye fomu akiuliza “unafanya kazi?”, ndiyo peke yake haitoshi. Mtajie kilo za mfuko, urefu wa kilima, na unapanda mara ngapi kwa siku.