Attieke: Muhogo wa mvuke unaowaingizia kipato wanawake wa Ivory Coast

WAKULIMA wengi wa muhogo hulalamikia bei, lakini chanzo cha tatizo ni muda. Muhogo ukishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu. Mnunuzi analijua hilo, hivyo husubiri tu hadi mkulima akubali bei anayopewa.

Nchini Ivory Coast, wanawake wa kusini mwa nchi, hasa wa makabila kama Waebrie na Waadioukrou karibu na jiji la Abidjan, wana jibu la siku nyingi. Huugeuza muhogo kuwa attieke, yaani chenga zilizochachushwa na kupikwa kwa mvuke. Huliwa na samaki wa kukaanga, vitunguu, nyanya na pilipili. Desemba 2024, UNESCO iliingiza stadi za kutengeneza attieke katika orodha yake ya urithi wa utamaduni.

Hatua za utengenezaji

Kazi huanza na chachu. Mihogo michache huchemshwa, kisha huachwa ndani ya gunia kwa siku mbili au tatu hadi ichache. Mihogo mibichi humenywa, huondolewa nyuzi za katikati, huoshwa na kusagwa pamoja na chachu hiyo. Kipimo ni takriban kilo moja ya chachu kwa kila kilo 10 za muhogo uliomenywa. Huongezwa mafuta kidogo ya mawese.

Mchanganyiko huo hufunikwa na kuachwa usiku kucha. Kesho yake hutiwa kwenye mifuko na kukamuliwa kwa mashine hadi ubaki mkavu kiasi. Kisha huchekechwa ili zipatikane chenga, huanikwa juani kwa muda mfupi na kupepetwa kuondoa nyuzi.

Mpishi wa nyumbani anaweza kutumia chujio la chuma juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Azungushie kitambaa kibichi pale vinapokutana ili mvuke usipotee, afunike, na ageuze chenga mara kwa mara. Zikivimba kidogo na kung'aa, zimeiva. Chumvi hutiwa mwishoni.

Usiruke hatua

Muhogo, hasa ule mchungu, una sumu ya sayanidi. Kusaga na kuchachusha huiachia sumu hiyo, na sehemu kubwa hutoka na maji yanayokamuliwa na mvuke. Anayefupisha muda ili awahi soko anahatarisha afya ya mlaji. Maji ya kukamulia nayo yasinyweshwe mifugo wala kumwagwa karibu na kisima.

Piga hesabu kabla ya kuuza

Ukinunua kilo 100 za mihogo, maganda peke yake yanaweza kuchukua kilo 20 hivi. Tena, zaidi ya nusu ya muhogo mbichi ni maji, na mengi huondoka wakati wa kukamua. Hivyo jumlisha gharama za mihogo, kusaga, kuni, mifuko, usafiri na nguvu kazi yako, kisha ugawanye kwa kilo za attieke iliyoiva. Anayegawanya kwa kilo alizonunua atauza kwa hasara huku akidhani anapata faida.

Hapa Tanzania, makopa yametusaidia kwa muda mrefu kuhifadhi muhogo. Hata hivyo, makopa huuzwa kama malighafi. Faida ya kusaga na kupika huenda kwa mtu mwingine. Attieke humfikia mlaji ikiwa tayari kuliwa, na ile inayokaushwa baada ya kuiva husafirishwa hadi Ulaya.

Kikundi kinachotaka kujaribu kisikimbilie kukopa fedha za mashine. Kianze na gunia moja, kipike, kiwaonjeshe mama lishe na wauza samaki wa jirani, na kiandike nani amerudi kununua. Wateja wakirudi, ndipo mashine itakuwa na kazi ya kufanya.