Joto Linalowekwa Akiba Ndani ya Nta



Mtu wa Pemba akifika Moshi mwezi wa Julai na chupa yake ya mafuta ya nazi, asubuhi huyakuta yameganda. Mafuta hayo huyeyuka kwa digrii 24 hivi. Kitu kinapoyeyuka hunywa joto jingi bila chenyewe kuzidi moto, na kinapoganda hulitoa. Joto la kuyeyusha kilo 1 ya barafu lingepasha kilo 1 ya maji kutoka digrii 0 mpaka karibu 80.

Juu ya msitu wa Kilimanjaro, karibu futi 13,000, humea lobelia iliyopewa jina la Bwana von der Decken, aliyejaribu kuupanda mlima huo mwaka wa 1861 na tena 1862. Hushika maji katikati ya majani yake. Usiku uso wa maji huganda, na kwa kuganda hutoa joto, hata kichipukizi kilicho chini kikasalimika.

Mafundi hutumia nta ya mishumaa. Lakini nta ikiyeyuka humwagika, tena joto hupenya polepole katika bonge kubwa. Basi huigawa chembe chembe, kila moja na ganda lake. Nta iliyoyeyushwa humiminwa katika maji ya moto yenye jelatini na gundi ya mgunga, ikakorogwa kwa nguvu hata iwe matone. Hutiwa asidi kidogo; hapo jelatini na gundi huvutana, hujitenga na maji na kulivika kila tone. Hupozwa, ganda likagumishwa kwa dawa, vikakaushwa kuwa unga. Huko Marekani maganda ya namna hii yalitumika kwanza katika karatasi za kunakilia, miaka ya 1950. Nguo zenye chembe za nta zilifuata miaka ya 1980. Siku hizi zimo katika makoti na glavu za baridi.

Je, zitatukaushia karafuu usiku, umande unapoanguka? Nta ya nguo huyeyuka kwa digrii 28, nayo ni hali ya hewa yetu tu, haifai. Ya digrii 50 na kitu yafaa, na kwa kazi hiyo makopo membamba yaliyozibwa yatosha, wala hakuna haja ya chembe ghali. Ila tupige hesabu: kukausha kilo 1 ya maji hutaka joto la kilo 12 za nta, na kilo 1 ya karafuu kavu imepoteza kilo 2 hivi za maji. Anayeletewa kikaushio cha namna hii na aulize kwanza kina kilo ngapi za nta.