Bani la Tumbaku Halifukizi Moshi

Ukitoka Lufingo kwenye chai na migomba ya Rungwe, ukavuka Mbeya hadi Chunya, utaona majengo marefu yasiyo na madirisha. Ni mabani ya tumbaku. Lufingo yasingefaa: udongo wa volkano una rutuba mno, na tumbaku ya mvuke, inayokaushwa humo, ikishiba naitrojeni hutoa jani zito lisilotaka kugeuka njano. Yenyewe hupenda udongo mwepesi wa kichanga wa miombo.

Wengi hudhani humo majani hufukizwa moshi. Sivyo! Hiyo ni tumbaku ya moshi, ya Songea na Namtumbo. Katika bani la mvuke moto huwaka tanuruni, moshi ukapita ndani ya mabomba ya bati yaliyolazwa sakafuni hadi dohani. Jani hupata joto tu. Nao urefu wa jengo una kazi: hewa huingia kwa matundu ya chini, hupashwa moto, hupanda kati ya fito zilizofungwa majani, kisha hutokea juu na unyevu wake.

Ajabu ni kwamba mwanzoni jani halikaushwi. Kwa siku mbili hivi joto hushikiliwa kwenye nyuzi 35 hadi 38, matundu karibu yote yamefungwa, ili jani liendelee kuishi. Limekatwa shinani, halina chakula, basi hula akiba yake: wanga hugeuka sukari, ukijani hufifia, njano hubaki. Mkulima akiharakisha moto, jani hufa likiwa bado kijani na bei imekwenda. Akichelewa, hugeuka kahawia. Rangi ikitimia ndipo joto hupandishwa polepole hadi nyuzi 70 hivi, mpaka mshipa wa katikati ukauke. Kazi hii huchukua karibu wiki, na usiku lazima mtu akeshe na kipimajoto.

Urambo, wilaya nyingine ya tumbaku, ilirithi zao hili baada ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, kuvunjika 1951. Tangu hapo kuni za tanuru zimetoka zaidi miomboni, na kinachouma ni kuona bani lenye nyufa likimeza miti ambayo bani zima lisingeihitaji. Mabani ya matofali yaliyojengwa vizuri, ambayo hayatumiki tena, nayo yanaachwa yabomoke, ilhali yangefaa kuwa ghala la mahindi, stoo ya mbolea, banda la kuku.

Viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, kagueni mabani kabla ya mavuno: zibeni nyufa, badilisheni mabomba yaliyotoboka, kisha ndipo mpange hesabu ya kuni.