Chapo yako inalindwa Njoro

Chapo madondo unayokula kibandani ina adui ambaye pengine hujawahi kumsikia: Ug99. Huu ni ukungu wa kutu unaoshambulia shina la ngano. Uligunduliwa Uganda mwaka 1998, na kilichowashtua wanasayansi ni kwamba uliishinda Sr31, jeni iliyokuwa imelinda ngano ya nchi nyingi kwa miaka na miaka.

Jeni kama hiyo ni soja wa getini. Ukungu ukijaribu kuingia, anautambua, kisha seli iliyovamiwa inajiua ili ukungu ukose chakula. Noma, sivyo? Lakini ukungu nao hubadilika, na ukija na sura mpya, soja haujui tena. Ngano yetu ya Robin ilipata pigo hilo 2014, jeni yake ya SrTmp iliposhindwa.

Ndiyo maana kule Njoro, Kaunti ya Nakuru, watafiti wa KALRO na CIMMYT hupanda maelfu ya mbegu za ngano kutoka nchi mbalimbali, kisha huziachia kutu makusudi. Zinazostahimili huzalishwa pamoja ili mmea mmoja ubebe jeni kadhaa. Soja mmoja akipitwa, wenzake bado wako getini.