Je, Wajua? Bengal, Meli Ndogo Iliyozikabili Mbili Kubwa

Je, wajua kwamba meli ya kusindikiza ya tani 650 hivi iliwahi kuzigeukia meli mbili za kivita za Japani, kila moja ikiwa na zaidi ya tani 10,000?

Ilikuwa tarehe 11 Novemba 1942, katikati ya Bahari ya Hindi. HMIS Bengal, meli mpya ya jeshi la majini la India iliyoundwa Sydney, Australia, ilikuwa ikiisindikiza Ondina, meli ya mafuta ya Uholanzi, kuelekea Diego Garcia. Ghafla zikatokea meli hizo mbili za Japani, Hokoku Maru na Aikoku Maru. Mzinga mkubwa wa Bengal ulikuwa mmoja tu, tena wa kiasi. Nahodha wake, William Wilson, akaamuru Ondina ikimbie, kisha akaelekeza meli yake moja kwa moja kwa adui. Huo ni ujasiri wa kustaajabisha!

Ondina nayo ilifyatua mzinga wake pekee. Hokoku Maru ikapigwa, ikalipuka na kuzama. Nani hasa aliyeipiga, wanahistoria bado wanabishana.

Bengal ilijitoa ikiwa na matundu mengi, lakini bila kufiwa na hata baharia mmoja. Ondina ilipigwa kwa torpedo na nahodha wake, Willem Horsman, akauawa. Mabaharia waliokuwa wameihama walirudi, wakazima moto na kuifikisha Fremantle. Wenzao wa Bengal walidhani Ondina imeshazama.